Ushabiki wa Taarabu ni Uhakiki: Hoja kutoka Mabaraza ya Tanga

1. Utangulizi

Katika kitongoji cha Chumbageni, mjini Tanga, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya mwambao, baraza ni mahali pa kunywea kahawa, kuchezea bao na kutolea hukumu. Yanayohukumiwa ni mengi: siasa, ndoa, mpira wa miguu, na kwa muda mrefu, waimbaji wa taarabu. Kwa watu wazima na wazee wa mji huo, swali la nani zaidi baina ya Shakila na Sharmila si la kupitishia wakati tu. Mwenye kulijibu hutakiwa atoe sababu, na sababu yake hupimwa papo hapo na watu wanaozijua nyimbo hizo kama yeye, na pengine kumzidi.

Mabishano ya namna hii huitwa ushabiki. Katika vyuo, neno hilo aghalabu hutumiwa kwa dharau. Shabiki huhesabiwa kuwa mtu mwenye mapenzi bila hoja, na mhakiki huhesabiwa kuwa mtu mwenye hoja bila mapenzi. Makala haya yanapinga mgawanyo huo. Yanadai kwamba ushabiki wa taarabu, kama ulivyozoeleka Tanga na mwambao kwa jumla, ni uhakiki wenye mizani yake, na kwamba uhakiki wa kitaaluma wa ushairi wa Kiswahili umepata hasara kwa kutousikiliza. Hasara hiyo inazidi kukua, kwa kuwa mashabiki waliowasikia waimbaji hao jukwaani wanazidi kupungua.

2. Mashindano ni desturi ya sanaa ya mwambao

Mashabiki wa Tanga hawakuzua jambo jipya. Sanaa ya Waswahili imekulia katika kushindana. Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili, na tungo zake kadhaa hazieleweki sawasawa bila ya kujua kwamba zilikuwa zikimlenga mtu. Katika ngoma ya beni, iliyochipuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika, watu waligawanyika kuwa Marini na Arinoti. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi mgawanyiko huo ulivyofungamana na tabaka, asili na mtaa wa mtu. Mombasa wanawake walishindana kwa lelemama. Unguja vyama vya taarabu vya wanawake, kama vile Nuru el Uyun na Sahib el Ari, vilirushiana maneno kwa nyimbo. Dar es Salaam palikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan.

Katika hali zote hizo mtazamaji hakuwa mgeni aliyelipa kiingilio, akakaa kimya, kisha akaondoka. Alikuwa na upande wake, na kwa kuwa alikuwa na upande, alilazimika kuutetea. Utetezi huo ndio uliozaa msamiati wa kupimia sanaa. Msamiati huo haukuandikwa katika kitabu chochote cha nadharia, lakini ulirithishwa kwa mazungumzo kutoka kizazi hadi kizazi.

Siti binti Saadi, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950, ni ushahidi wa kale wa jambo hilo. Inajulikana kwamba wapo waliomkejeli kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Mabishano hayo yalikuwa juu ya umbeya, ndiyo. Lakini ndani yake mlikuwamo swali zito la uhakiki, yaani ni kitu gani hasa kinachomfanya mwimbaji awe mwimbaji: sura, nasaba, ama sauti na akili? Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliliona jambo hilo. Alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad alichagua upande. Hapana shaka kwamba mtunzi mkubwa wa Kiswahili katika karne yake alikuwa pia, kwa maana nzuri ya neno, shabiki.

3. Nyota mbili za Tanga

Taarabu ya Tanga ilijipatia sura yake katika miaka ya 1960 na 1970. Ilhali vikundi vikubwa vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vilijenga muziki wao juu ya fidla nyingi, udi na kanuni, vikundi vya Tanga vilikuwa vidogo, vyenye gitaa na besi za umeme, kinanda na ngoma, na mapigo yaliyokaribia yale ya muziki wa dansi. Black Star Musical Club ndicho kilichovuma zaidi. Baadaye Lucky Star kilizaliwa kutokana na mgawanyiko ndani ya Black Star. Sahani za vikundi hivyo zilitolewa na kampuni ya Mzuri ya Mombasa, zikasikika mbali na Tanga. Mwaka 1989 kampuni ya GlobalStyle ya Uingereza ilizikusanya baadhi ya nyimbo za vikundi vyote viwili katika sahani moja iliyoitwa Nyota.

Jina hilo la sahani liliwaunganisha watu ambao mjini kwao walikuwa wametengana. Kikundi kinapogawanyika katika mji mdogo, mashabiki nao hugawanyika, na mgawanyiko wao huingia nyumbani, sokoni na harusini. Ilibidi mtu aseme yuko wapi. Shakila Saidi, aliyezaliwa Pangani, alipata kuimba na Black Star, kisha Lucky Star, na hatimaye akahamia kikundi cha taarabu cha JKT huko Dar es Salaam. Sharmila alikuwa sauti ya Black Star. Mwimbaji alipohama, shabiki wake alikabiliwa na swali gumu: je, alikuwa akikipenda kikundi, au alikuwa akimpenda mwimbaji? Na kama alimpenda mwimbaji, alikipenda kitu gani kwake ambacho angeweza kuondoka nacho?

Hapa yafaa kulinganisha ushabiki huu na ule wa mpira. Mji wa Tanga una Coastal Union na African Sports, na watu wake wanajua kushabikia timu. Lakini mpira una goli. Siku Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1988, ubishi wa msimu ule ulikwisha, kwa kuwa msimamo wa ligi ulisema. Taarabu haina goli. Hakuna msimamo wa ligi unaoweza kumkata kauli mpenzi wa Sharmila au mpenzi wa Shakila. Kwa sababu hiyo kila mmoja wao hana silaha ila maelezo, na maelezo juu ya ubora wa kazi ya sanaa ndiyo maana halisi ya uhakiki.

4. Mizani ya baraza

Anayetetea mwimbaji barazani hawezi kukomea kusema "ana sauti". Ataulizwa: sauti gani? Majibu ya swali hilo yanaweza kupangwa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni sauti yenyewe: ni nyembamba au nene, ina mawimbi au imenyooka, inapanda bila ya kukwaruza au inalazimishwa. Hapa pia huingia suala la pumzi. Mwimbaji anayevuta pumzi katikati ya neno huhesabiwa kuwa amelivunja neno, na kosa hilo hata mtoto hulisikia.

Fungu la pili ni matamshi. Kwa kuwa taarabu ni maneno kabla ya kuwa muziki, mwimbaji anayemeza silabi huwa amemwibia msikilizaji haki yake. Mizani hii ina uzito wa pekee kwa mtafiti wa lugha, kwa sababu ndipo lahaja zinapojitokeza. Mtu wa Tanga humsikia mwimbaji wa Unguja au wa Mvita, naye huweza kumsifu kwa utamu wa lafudhi yake au kumshutumu kwa kuiga lafudhi isiyo yake.

Fungu la tatu ni kulijua fumbo. Wimbo wa taarabu aghalabu husema jambo moja na kukusudia jingine. Mwimbaji hodari hujua ni wapi auzito wa fumbo ulipo, akalivuta neno hilo, akalirudia, au akalipitisha kwa wepesi ili msikilizaji alitafute mwenyewe. Mwimbaji asiyelijua fumbo huweza kuimba vizuri na bado akaua wimbo.

Fungu la nne ni jinsi mwimbaji anavyopokea tuzo. Katika taarabu msikilizaji huinuka, husogea mbele na kumtunza mwimbaji fedha penye ubeti unaomgusa, na pengine ubeti unaomgusa jirani yake. Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga na kuchapisha kitabu chake mwaka 2002, ameeleza kwa kirefu jinsi tendo hilo linavyoupa wimbo maana mpya. Mwimbaji mbele ya mtunzaji ana jambo la kuamua kwa nukta moja: aurudie ubeti ule au aendelee? Akirudia amekubali maana ambayo mtunzaji ameipachika. Asiporudia amemtenga. Mashabiki huuona uamuzi huo na kuuhukumu.

Mizani zote nne zinahusu mambo yanayosikika na kuonekana, ambayo hayapatikani katika karatasi yenye maneno ya wimbo. Mfano mwepesi utatosha. Nyimbo zilizokuwa za Siti binti Saadi ziliimbwa tena na Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi. Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Mhakiki mwenye karatasi mkononi ataona matini moja. Shabiki aliyesikia santuri ya Siti na kumsikia Bi. Kidude ataona kazi mbili, na ataweza kueleza ni kwa nini mbili.

5. Mgogoro wa ushairi na shahidi asiyeitwa

Udhaifu wa uhakiki wa vyuoni katika jambo hili unajidhihirisha zaidi katika mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri ya mwaka 1954, alifungamanisha ushairi na kuimbika: tungo isiyoimbika kwake haikustahili kuitwa shairi. Ilipotoka Kichomi ya E. Kezilahabi mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotetea tungo zisizofuata vina na mizani, wanamapokeo kama Shihabuddin Chiraghdin na Saadani Kandoro walisimama upande wa pili. Mjadala ulichukua miaka mingi, ukajaza kurasa za magazeti na majarida, na ukawa mtihani wa kudumu wa wanafunzi wa fasihi.

Neno "kuimbika" lilitajwa mara nyingi katika mjadala huo. Upande mmoja ulidai kwamba vina na mizani ndivyo vinavyofanya shairi liimbike. Upande wa pili ulijibu kwamba hata tungo huru huweza kuimbwa, na kwamba si kila shairi halina budi kuimbwa. Hoja zote mbili zilikuwa na nguvu. Lakini walio mahodari wa kujua shairi linapoimbika na linapokataa kuimbika hawakuitwa kutoa ushahidi. Waimbaji wenyewe na mashabiki wao, waliokuwa wakibishana usiku kucha juu ya jambo hilohilo, waliachwa nje ya mlango.

Laiti wangeitwa, mjadala ungechukua sura nyingine. Shabiki wa taarabu anajua kwamba shairi lenye vina na mizani kamili huweza kumshinda mwimbaji, kwa kuwa limebanwa mno hata pumzi haina pa kuingilia. Anajua pia kwamba mwimbaji hodari huweza kuuchukua mshororo wenye mizani iliyopungua, akauvuta hadi ukatosha, na hakuna atakayenung'unika. Kwa maneno mengine, kuimbika hakumo ndani ya shairi peke yake. Kumo katika makutano ya shairi, lahani, mwimbaji na hadhira. Huu ni msimamo wa kinadharia kamili, nao ulikuwapo barazani wakati vyuo vikiutafuta kwingine.

Sababu ya kutoitwa kwao si ngumu kuiona. Uhakiki wa Kiswahili wa miaka ile ulijengwa juu ya fani na maudhui, na katika mizani hiyo wimbo wa taarabu ulifikiwa kwa kuandikwa kwanza, kisha kuchambuliwa kama shairi la diwani. Sauti iliachwa kwa wanamuziki, na wanamuziki nao waliyaacha maneno kwa wanalugha. Mwimbaji akaanguka katikati.

6. Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba ushabiki ni upendeleo, na kwamba mpendeleaji hawezi kuwa hakimu. Pingamizi hili lina ukweli, lakini haliwapati mashabiki peke yao. Mhakiki wa chuo naye ana watunzi awapendao, ana mwalimu aliyemfundisha na mkondo anaoufuata. Tofauti ni kwamba shabiki hutangaza upande wake tangu mwanzo, kisha huketi mbele ya mpinzani wake uso kwa uso. Hoja dhaifu barazani haipewi muda wa kuchapishwa. Huchekwa hapo hapo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mabishano haya yamewaumiza watu, na hasa waimbaji wanawake. Mara nyingi hukumu juu ya sauti huteleza ikawa hukumu juu ya ndoa, umri, rangi na mwenendo. Hali hii ilikolea katika miaka ya 1990, wakati vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, vilivyochanganya taarabu, ngoma, kwaya na maigizo katika onyesho moja, viliposhindanishwa jukwaani. Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na John Komba, kilikuwa na Khadija Kopa, aliyetokea Culture Musical Club ya Unguja. Muungano Cultural Troupe kilikuwa na Nasma Khamis, maarufu Kidogo. Nyimbo zao zilijibizana, na mashabiki walijaa kumbini kusikia nani atampasha nani. Wapenzi wa taarabu ya zamani walilalamika kwamba fumbo limekufa na kwamba mipasho imekuwa matusi yaliyovishwa muziki.

Lalamiko hilo lisipuuzwe. Lakini litazamwe vizuri: ni lalamiko la kihakiki. Linasema kwamba upo mpaka baina ya fumbo na tusi, na kwamba kuuvuka ni kosa la sanaa kabla ya kuwa kosa la adabu, kwa sababu tusi humnyima msikilizaji kazi ya kufikiri. Waliotetea mipasho nao walikuwa na jibu. Walisema kwamba uwazi una ustadi wake, na kwamba Khadija Kopa au Nasma hakushangiliwa kwa kutukana, kwa kuwa kutukana kila mtu anaweza. Alishangiliwa kwa jinsi alivyolipata neno la kumjibu mwenziwe na jinsi alivyolitoa. Mabishano haya yana hadhi sawa na mgogoro wa vina na mizani. Ubaya wa baadhi ya mashabiki hautoshi kuwa sababu ya kuyatupa, kama vile matusi ya baadhi ya washiriki wa mgogoro wa ushairi hayakuwa sababu ya kuutupa mgogoro ule.

7. Hitimisho

Shakila Saidi alifariki mwezi Agosti mwaka 2016. Magazeti yalimwita malkia, wakakumbushwa watu wimbo wake wa Macho Yanacheka, na maombolezo yakapita. Sahani na kanda zake zipo, na baadhi sasa zinasikilizwa kwa simu ya mkononi na vijana ambao hawakuwahi kumwona. Sauti, basi, haijapotea. Kinachopotea ni elimu ya kuisikiliza sauti hiyo: kujua ni ubeti upi uliowainua watu katika viti vyao, ni neno gani alilivuta na kwa nini, na mpenzi wa Sharmila alijibu nini. Elimu hiyo imo vichwani mwa watu wenye umri mkubwa katika Chumbageni, Ngamiani, Pangani na kwingineko, na haimo mahali pengine popote.

Idara za Kiswahili zina wajibu katika jambo hili. Wanafunzi wanaotumwa kukusanya nyimbo watumwe pia kukusanya mabishano juu ya nyimbo. Warekodi hoja za pande mbili, waandike maneno yanayotumiwa kusifia na kulaumia, na maneno hayo yaingizwe katika kamusi za fasihi pamoja na yale yaliyotafsiriwa kutoka lugha za kigeni. Somo la ushairi lisifundishwe kwa karatasi tu. Mwanafunzi asikilizishwe wimbo mmoja kwa sauti mbili, kisha atakiwe kueleza tofauti. Atakayeshindwa kueleza hataitwa mjinga, lakini atakuwa amejua kwamba lipo jambo ambalo mzee wa barazani analijua na yeye halijui.

Huo ungekuwa mwanzo mwema. Mzee huyo hajawahi kuandika makala wala kualikwa kongamano. Bali kwa zaidi ya miaka 40 ametakiwa kila jioni athibitishe kwa hoja kwa nini anampenda mwimbaji wake, mbele ya mtu asiyempenda, na kesho yake kurudi tena.